Ufunguo wa sanduku ukae kwa nani?

Leo tunaandika neno ambalo wababa wengi wa parokia hawatalipenda. Lilituuma sisi wenyewe kabla ya kuwauma ninyi. Kwa hiyo mtusikilize mpaka mwisho, kiisha mtukasirikie.

Dominika iliyopita, Misa ilipokwisha, wababa walisimama chini ya mti mbele ya kanisa kama ilivyo desturi yao. Shauri lao lilikuwa sanduku la wamama. Wengi wenu mnalijua sanduku la namna hiyo. Ni la bati gumu, lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata kama tamaa imemwamsha usiku. Kila juma wamama wanakutana, wanalifungua mbele ya macho ya wote, kila mmoja ananunua sehemu yake, tangu moja mpaka tano, na alama inapigwa katika kitabu chake, hata asiyejua kusoma anaiona. Kuna mfuko mwingine mdogo wa kusaidia aliyefiwa au aliyeuguliwa. Anayetaka kukopa anasema mbele ya wote anakopa kwa ajili gani. Mwaka ukikaribia kwisha wanagawana yote pamoja na faida, sanduku linabaki tupu, na wanaanza tena. Hapa Kongo tunaita chama hicho AVEC. Namna hii ilianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, wakati chama cha msaada CARE kilipowasaidia wanawake wa kule kutengeneza vizuri zaidi desturi yao ya kuchangiana, ile ambayo sisi tunaiita likelemba.

Zamani wababa wetu walilicheka sanduku hilo. Walisema ni feza za chumvi na vitenge. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Goma ilitwaliwa kwa vita, na mwezi wa pili Bukavu nayo. Mabenki yakafunga milango. Mwenye mshahara wake benki na mchuuzi mwenye akiba yake benki walibaki na kitabu mkononi tu. Wamama walikuwa na sanduku. Feza hazikuwa nyingi, lakini za kununua dawa ya mtoto na mbegu za maharagi zilikuwepo. Ndipo wababa wakaanza kulitazama sanduku kwa heshima, na nyuma ya heshima ikafuata tamaa.

Hili ndilo shauri lililotolewa chini ya mti: sanduku lihamie katika biro ya parokia, komite ya wababa watatu wenye akili ilichunge, wamama waendelee kutia feza, lakini funguo zikae kwa komite. Maneno yalisemwa kwa upole sana. Walisema ni kwa ajili ya usalama, na ya kwamba wamama wenyewe watafurahi kupunguziwa mzigo.

Sisi tunajibu: hapana. Na tutaeleza kwa nini.

Kabla ya kutambua kwamba wito wetu ni ndoa na katekismu, tulikaa miaka katika seminari, na kule tulifundishwa mantiki. Tulipenda somo hilo, ingawa tulipata alama ndogo. Basi tuipime mantiki ya wababa. Wanasema: feza zinataka mtu anayejua kuhesabu, mwanamke hajui kuhesabu, kwa hiyo feza zisikae kwake. Neno la kwanza ni kweli. Je, la pili? Mwendeni sokoni siku ya soko, mkae nusu saa tu karibu na mama anayeuza unga wa mihogo. Mtamsikia anapokea franka za Kongo, anarudisha mabaki ya dolari, na akiuza karibu na mpaka anajua pia franka za Rwanda. Bei ya asubuhi si bei ya jioni, na yote anaichunga kichwani huku mtoto ananyonya. Mume wake yuko wapi wakati huo? Mara nyingi yuko mahali pa kasiksi, anakunywa kwa deni, na mwenye pombe ndiye anayemhesabia.

Tunajua kwamba si wababa wote wako hivyo. Lakini tusiseme kwamba wamama hawajui hesabu. Mama asiyejua hesabu watoto wake walikwisha kufa njaa.

Na sasa tuwape hadisi ya mashini. Ni hadisi ya aibu, na sisi tumo ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita wafazili walileta mashini ya kusaga mihogo kwa ajili ya wamama wa upande wetu. Kwenye karatasi iliandikwa: mradi wa wanawake. Komite ikachaguliwa: prezida mwanaume, mwandishi mwanaume, mtunza feza mwanaume. Mama mmoja alipewa jina la makamu wa prezida, na kazi yake ikawa kuwapikia wageni walipokuja kupiga picha. Mwandishi wa komite alikuwa nani? Alikuwa katekista. Tusizunguke: alikuwa sisi.

Wamama walikuwa wameomba mashini iwekwe chini, karibu na kijito, maana kule ndiko wanakolowesha mihogo na kuianika. Tulikataa. Tuliiweka juu, kando ya barabara, mahali ambapo wageni wataiona bila kuchafua viatu. Basi mama alipanda kilima na kitunga mgongoni, akafika, akakuta mlango umefungwa kwa sababu fundi amekwenda kwenye matanga au amelala. Alingoja, kiisha akashuka na mihogo yake akaitwanga kwenye kinu kama bibi yake. Jioni feza zilihesabiwa na watu wawili nyuma ya mlango, na sisi tukatia sahihi katika daftari bila kuona hata noti moja. Hatukuiba. Lakini hatukuuliza.

Halafu siku moja mkanda wa mashini ulikatika. Mkanda tu! Hakukuwa na feza ya kununua mwingine. Leo kuku wanataga juu ya mashini hiyo. Wafazili waliandika katika ripoti yao kwamba mradi ulikufa kwa sababu wanawake walikosa moyo wa kujitegemea. Tuliisoma ripoti hiyo kwa macho yetu. Tulijua kwamba ni uongo, na hatukuandika barua ya kuikana.

Ndiyo sababu tunaposikia tena neno "komite ya wababa watatu wenye akili", ngozi yetu inasisimka. Sanduku lina mwaka wa sita, mashini haikufika mwaka wa pili. Sanduku halikuletewa hata franka moja kutoka ngambo, mashini ililetwa bure pamoja na paa la mabati. Wamama ni wale wale, kilima ni kile kile, umaskini ni ule ule. Tofauti ni nini, kama si mahali ufunguo unapokaa?

Wengine watasema: wamama wa zamani walikuwa wanyamavu, na haya ni mambo ya kisasa yaliyotoka Ulaya. Hapana. Mwaka 1982, wakati nchi ilipoitwa Zaire, wanawake wa Buloho, hapa hapa katika Kalehe, walikwenda kwa kundi mbele ya wakubwa kupinga ushuru wa mihogo. Mihogo ilikuwa mazao yao, walilima wao, walibeba wao, na kabla ya kufika sokoni walikuta wenye kutoza wamewangojea. Mateso hayo waliyaita kwa luga yao utumwa wa mihogo. Hawakungoja mtu mwenye akili awafungulie macho. Aliyejua vizuri hesabu ya ushuru ule ni yule aliyebeba kitunga, maana kila kizuizi alikisikia shingoni. Wazee wengine wa upande huo wanakumbuka bado. Waulizeni, badala ya kusema kwamba wamama wamefundishwa kiburi na redio.

Kuna kizuizi kingine, na hiki ni kikubwa kuliko ufunguo: ni udongo. Tukisema juu ya maendeleo ya wanawake bila kusema juu ya udongo, tunapiga ngoma isiyo na ngozi. Sheria ya mwaka 1973 ilisema kwamba udongo wote ni wa Serikali. Lakini huku vilimani mkulima anajua kalinzi na bwasa. Kwa kalinzi, mtu alitoa ngombe kwa mwenye udongo, akapata shamba la kudumu, na watoto wake walirizi. Ni mambo ya wanaume. Kwa bwasa, mtu anaazima kipande kwa muda mfupi, anakilipia, na haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, si kahawa, si ndizi, si miti. Bwasa ndiyo inayobaki kwa mwanamke na kwa maskini.

Sasa tazameni. Chama cha wamama kinaazima kipande cha bonde, chenye maji na matete. Wanachimba mifereji, wanakausha, wanatia samadi, na wengine wanafanya kazi hiyo na mimba. Msimu wa kwanza wanapata kidogo, na msimu wa pili kabichi na maharagi yanapendeza hata wapita njia wanasimama. Kiisha msimu huo mwenye shamba anakuja na kusema: "Nimekumbuka kwamba nina mtoto anayetaka kuoa." Wamama wanaondoka na majembe yao. Mambo haya tumeyaona, tena mwenye shamba alikuwa mtu wa kupokea Komunyo kila Dominika. Hapo msaidie kwa mbegu na semina namna gani? Mbegu bora juu ya udongo wa kunyang'anywa ni kumtajirisha mwenye udongo. Kama wababa wa parokia wanataka kweli kuwapunguzia wamama mzigo, basi wasimame mbele ya mwenye udongo, waandikishane mkataba wa miaka mitano au kumi, wenye mashahidi na sahihi. Hiyo ni kazi ya wababa watatu wenye akili! Lakini kazi hiyo hatukusikia mtu akiitaja chini ya mti.

Tuseme neno dogo pia juu ya wasaidizi, maana kosa si la wababa peke yao. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na zile nyumba zilizoitwa foyer social, ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Kushona si vibaya. Mama yetu mwenyewe alishona. Lakini miaka imepita, na msaidizi akifika leo kijijini, kitu cha kwanza anachoshusha kwenye gari ni cherehani. Wasichana makumi mawili wanafundishwa kushona mahali ambapo washonaji wanne waliopo wanalala njaa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewauliza wanataka nini. Wangeulizwa, pengine wangesema: maji yawe karibu. Mama anayechota maji mara tatu kwa siku hana saa ya kujifunza kitu chochote. Ukimpa mafundisho bila kumpunguzia kazi, umemwongezea mzigo juu ya mzigo. Na feza za bure zikimwagwa ndani ya sanduku, watu wanaingia chamani kwa sababu ya feza hizo, wanakopa, wanapotea. Feza ya jasho la jirani mtu anaona haya kuila.

Tufike sasa kwenye neno ambalo wababa wanaliogopa kabisa: "Mwanamke akipata feza, nyumba inavunjika." Hatutalijibu kwa kucheka, maana kuna ukweli ndani yake. Tumeona nyumba ambamo mume aliacha kununua hata sabuni kwa sababu mke ana chama. Tumeona mume aliyempiga mkewe usiku wa kugawana faida, akitaka feza zote. Nyumba hizo zilitikisika kweli. Lakini aliyezitikisa ni nani, mwenye kuweka akiba au mwenye kunyang'anya? Katika nchi ya Côte d'Ivoire, kati ya miaka 2010 na 2012, walijaribu jambo la akili. Vyama vingine vya akiba viliachwa vya wanawake tu, na kwa vingine waliongeza mazungumzo ya mume na mke pamoja, juu ya feza za nyumbani na namna ya kuamua. Mahali palipokuwa na mazungumzo, kunyanganya feza na kumnyima mke matumizi kulipungua. Basi dawa iko: mwiteni mume aketi na mkewe, wahesabu pamoja karo ya shule na deni la dawa. Sisi makatekista tunafundisha wachumba miezi mizima juu ya ndoa. Tunasema juu ya uaminifu, juu ya watoto, juu ya sala za jioni. Juu ya feza hatusemi neno. Wanatoka kanisani na pete, na ugomvi wao wa kwanza ni wa feza.

Wenye kutaja Maandiko wanatukumbusha kwamba mume ni kichwa. Vema. Lakini wasome pia mwisho wa kitabu cha Mezali, ambamo mke hodari anatazama shamba, analinunua, na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Na mume wake, akiketi langoni pamoja na wazee, haoni haya. Wasome Injili ya Luka, wataona wanawake waliomfuata Bwana na kumsaidia kwa mali yao wenyewe. Mtu hasaidii kwa mali yake kama ufunguo uko kwa mwingine.

Sheria ya nchi nayo ilichelewa. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, katika kipengele cha 448, ilimdai mwanamke mwenye ndoa ruhusa ya mume kabla ya kujifunga katika mapatano ya kisheria. Tarehe 15 ya mwezi wa saba 2016 sheria nyingine iliondoa ruhusa hiyo. Lakini mazoea hayaondolewi kwa sahihi moja. Kiisha mwaka huo tulimsindikiza mama mmoja mjini, aliyetumwa na wenzake kuandikisha chama. Mtu wa biro akamwambia alete sahihi ya mume wake. Mama akajibu kwamba mume wake amezikwa. Yule mtu akafikiri kidogo, akasema: "Basi lete ya shemeji." Tulirudi nyumbani bila karatasi.

Tusiwafanye wamama kuwa malaika. Katika chama kimoja tunachokijua, mama mwenye cheo, mke wa mtu mkubwa, amekuwa prezida tangu mwanzo, na hakuna anayethubutu kumpigia kura mwingine. Na mama maskini kabisa, yule wa kubeba mizigo ya watu kutoka pwani ya ziwa, hana hata feza ya sehemu moja kwa juma, kwa hiyo anabaki nje. Akipata shida anakwenda kwa wale wakopeshaji ambao mjini wanaitwa Banki Lambert, na riba inammaliza. Wamama wanajua kosa hilo. Wengine wameanza kupunguza bei ya sehemu ili aingie. Wanabishana sana juu ya jambo hilo, na waache wabishane. Wababa pia wanabishana mwaka mzima juu ya ukuta wa makaburi, na hakuna aliyesema tuwanyanganye ufunguo wa kanisa.

Halmashauri ya parokia itakutana siku ya posho inayokuja, na shauri la sanduku limeandikwa la tatu, nyuma ya ukuta na kengele. Wenye sanduku hawakualikwa. Juzi tulikwenda kwa mama anayelilaza nyumbani mwake, tukamweleza yote, tukamwambia kwamba tutasimama kuwatetea. Alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua kichwa mara moja. Kiisha akauliza: "Mwalimu, ile daftari ya mashini bado unayo?" Tukasema tunayo. Akasema: "Utuletee. Siku ya posho tutakuja wote, makumi mawili na wawili, na maneno tutasema wenyewe. Wewe utatusomea daftari."

Tumeitafuta, tumeipata chini ya vitabu vya ubatizo. Panya wamekula pembe moja, lakini sahihi zetu zinasomeka zote.